Kifurushi Cheupe cha Mto Santa Lucía: Nani Anamlaghai Nani?

Kando ya mito ya Uruguay, buibui dume wa spishi ya Paratrechalea ornata wanaokutwa porini na zawadi ya kumpelekea jike, asilimia 70 wamebeba kitu kisicholika. Ukikifungua kifurushi chao cheupe cha hariri unakuta gamba kavu la mdudu aliyekwisha kunyonywa, au kipande cha mmea. Matokeo haya yanapoandikiwa wasomaji wa kawaida, hadithi huwa ni ileile: dume ni tapeli, jike ni mjinga, na maumbile hayana haya. Naipinga hadithi hiyo kwa sababu ushahidi uliokusanywa kwa miaka zaidi ya kumi na mitano, mwingi wake katika miji ya Montevideo, Uruguay, na Porto Alegre, Brazil, unaelekea kwingine. Anayeutazama kwa makini ataona kwamba jike wa spishi hii huenda anapima kitu ambacho sisi tumekuwa tukikichana na kukitupa ili tuone kilichomo ndani.

Jenasi ya Paratrechalea, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, ni changa kwenye vitabu. Aliyeianzisha ni mtaalamu wa buibui James Carico, mwaka 2005, katika makala kuhusu familia ya Trechaleidae, familia ya buibui wenye miguu mirefu wanaoishi kando ya maji, hasa katika bara la Amerika. Spishi ya ornata yenyewe ilikuwa imekwisha kuelezwa na Mbrazili Mello-Leitão tangu 1943. Inapatikana Uruguay, kusini mwa Brazil na kaskazini mwa Argentina. Ana mwili wa karibu sentimita moja na rangi ya mawe anayoishi juu yake, na ni mwepesi kiasi kwamba hukimbia juu ya uso wa maji bila kuzama. Hatandi utando wa kunasia. Mchana hujificha chini ya mawe ya mtoni, na jua likizama hutoka na kuvizia wadudu.

Katika machweo hayohayo ndipo posa inapofanyika, na hatua zake zinastahili kuelezwa moja moja, kwa sababu hoja yote imo humo.

Jike akitembea huacha nyuma yake uzi wa hariri wenye harufu yake, yaani feromoni. Dume akiukanyaga uzi huo hubadilika papo hapo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2009 na María José Albo, Luiz Ernesto Costa-Schmidt na Fernando Costa yalionyesha jambo hili bila utata: dume mwenye windo mdomoni, akiwa mahali pasipo na hariri ya jike, hulila, lakini akigusa hariri ya jike, huacha kula na kuanza kufunga. Huliweka windo juu ya jiwe, akalizungukia huku akilimwagia nyuzi kutoka nyuma ya tumbo lake, akaliokota kwa taya, akaliweka tena na kuongeza nyuzi. Mwishowe linakuwa tonge jeupe lililokaza. Tangu hapo hulibeba usoni akimtafuta mwenye uzi.

Akimpata, hukunja miguu ya mbele na kukitokeza kifurushi. Jike akikubali hukiuma. Sasa wote wawili wamekishika, uso kwa uso. Dume hupanda na kuinama upande mmoja wa mwili wa jike, akaingiza kipapasio kimoja kati ya viwili vilivyo karibu na mdomo wake. Vipapasio hivyo alikwisha kuvijaza mbegu mapema, kwa kuzidondosha kwenye utando mdogo na kuzifyonza humo. Akimaliza upande mmoja hurudi mbele, akaking'ata tena kifurushi pamoja na jike, kisha huenda upande wa pili. Kule kurudi mbele napenda nikutilie mkazo. Dume haachi zawadi yake kwa moyo mkunjufu akaenda zake. Anaishikilia, anaiachia, anairudia, kama mtu aliyeshika upande mmoja wa kamba. Wala jike hajakaa kimya akila: anaweza kukatiza shughuli wakati wowote, na akiwa amekishika kifurushi anaweza hata kujaribu kutoroka nacho.

Kwa muda mrefu karibu yote tuliyoyajua kuhusu zawadi za aina hii yalitoka kwa buibui mmoja wa Ulaya, Pisaura mirabilis, ambaye tabia yake ilianza kuandikwa katika karne ya 19. Pisaura naye hufunga windo kwa hariri na kumpelekea jike. Kwake yeye zawadi kubwa humpatia dume muda mrefu wa kupandana. Jike akijaribu kukimbia na zawadi, dume hujifanya maiti, akaburutwa huku ameking'ang'ania kifurushi, kisha akafufuka jike anapoanza kula. Haya yameonyeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, na ni kazi nzuri sana. Shida ilikuwa kwamba spishi moja iligeuzwa kuwa kipimo cha tabia nzima. Zawadi ikaeleweka kuwa chakula, kupandana kukaeleweka kuwa malipo, na kila kilichopungua chakula kikaitwa hadaa.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi kipimo kile kinavyoweza kutupoteza. Wanasayansi wa Ulaya walikuwa na dhana kwamba tonge jeupe la Pisaura humvutia jike kwa sababu linafanana na mfuko wa mayai, kwa kuwa jike wa Pisaura huubeba mfuko wake kwa taya. Dume, walisema, anachezea silika ya mama. Dhana hiyo ilipopimwa mwaka 2007 kwa Pisaura mwenyewe haikusimama. Kilichomsukuma jike kuipokea zawadi kilikuwa njaa. Lakini mtu aliyezoea mito ya Uruguay angekuwa na shaka tangu mwanzo. Majike wa familia ya Trechaleidae hawabebi mayai kwa taya. Mfuko wao, mviringo na bapa, umegandishwa nyuma, kwenye viungo vya kutolea hariri. Kama zawadi nyeupe inafanya kazi kwao pia, basi mfanano na mfuko wa mayai unaobebwa mdomoni hauwezi kuwa maelezo ya jumla.

Mwaka 2008 Costa-Schmidt, Carico na Araújo walieleza tabia ya posa kwa spishi mbili za Paratrechalea, na kuanzia hapo maabara za Amerika Kusini zikaanza kuuliza maswali yao. Matatu kati ya majaribio yaliyofuata nayaona mazito.

La kwanza linahusu rangi. Mariana Trillo na wenzake, mwaka 2014, walichukua madume wasio na zawadi yoyote na kuwapaka rangi nyeupe kwenye taya, mahali ambapo kifurushi hukaa. Wengine waliachwa bila rangi, na wengine wakapakwa chini ya kifua ili kuhakikisha kwamba rangi yenyewe, kama dawa, haibadilishi kitu. Majike waliwaendea zaidi wale wenye taya nyeupe, na ndio waliofanikiwa zaidi kupandana. Fikiria maana yake. Hakukuwa na windo, gamba wala uzi. Kulikuwa na doa jeupe mahali panapostahili, katika mwanga hafifu wa jioni, na likatosha kumleta jike karibu.

Katika utafiti huohuo madume waliolishwa vizuri na waliolishwa vibaya walipewa windo na kuwekwa kwenye hariri ya jike. Wenye afya dhaifu waliweka nyuzi chache zaidi. Hariri ni protini, na protini hutoka kwenye chakula. Asiyekula hana cha kufumia. Wahenga walituambia nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani. Kwa buibui huyu mlango unasema mengi kuhusu mwenye nyumba, kwa sababu umejengwa kwa akiba ya mwili wake.

La pili linahusu ladha. Mwaka 2012 Brum, Costa-Schmidt na Araújo walionyesha kwamba hariri ya dume iliyozungushiwa zawadi ina kemikali, na kwamba kemikali hizo zina nafasi katika uamuzi wa jike wa kuipokea. Kifurushi kwa hiyo kinaonekana kwa macho na kinasomwa kwa mguso na ladha, na habari zote hizo zimo kwenye hariri, yaani kwenye kile ambacho dume ametengeneza mwenyewe. Windo lenyewe alilikuta mtoni.

La tatu ndilo linaloivunja hadithi ya mwenye njaa aliyelaghaiwa. Mwaka 2017 Irene Pandulli-Alonso, Agustín Quaglia na Albo waliwaweka majike wenye njaa na majike walioshiba mbele ya madume mbalimbali, mmoja baada ya mwingine. Kama kupandana ni njia ya kupata mlo, mwenye njaa angekubali wengi zaidi. Haikuwa hivyo. Chakula kiliathiri sana uzazi wao, lakini idadi ya madume waliowakubali ilikuwa karibu sawa, wawe wamelishwa vizuri au vibaya, na zawadi iwe na lishe au tupu. Kwa Pisaura wa Ulaya, ambaye asilimia 62 ya zawadi zake porini zina lishe, njaa ya jike ina uzito katika uamuzi wake. Kwa Paratrechalea ornata haina. Nasoma takwimu hizi mbili kwa pamoja: pale ambapo zawadi nyingi bado ni chakula, jike anafuata tumbo, pale ambapo nyingi si chakula tena, tumbo limeondoka kwenye hesabu.

Sasa, kosa la hadithi ya utapeli liko wapi? Ulaghai unahitaji mtu anayetarajia kitu na kukikosa. Iwapo jike wa Paratrechalea anakubali kwa kiwango kilekile akiwa na njaa au ameshiba, tuna sababu gani ya kusema alikuwa anatarajia mlo? Tumemwekea matarajio yetu sisi, tukayaona yamevunjwa, tukamhurumia. Huruma hiyo ina dharau ndani yake, kwa kuwa inamfanya mnyama ambaye ndiye mwenye uamuzi wa kukubali au kukataa, wa kuendelea au kukatiza, aonekane kama mteja aliyeuziwa kanyaboya sokoni.

Pingamizi zito lipo, na sitalipita pembeni. Mtu anaweza kusema kwamba doa jeupe ni mtego uliojengwa juu ya njaa ya kale. Hapo zamani zawadi zote zilikuwa chakula, majike wakajenga mazoea ya kuvutwa na tonge jeupe, kisha madume wakagundua njia ya mkato: weka weupe, ondoa nyama. Jike wa leo anavutwa na mazoea ambayo hayamlipi tena. Maelezo haya yanawezekana, na tukumbuke chakula kina uzito katika mayai yake. Jike anayepokea magamba kumi amekosa milo kumi ambayo ingekuwa mayai. Simwambii msomaji kwamba hakuna hasara.

Ninachosema ni kwamba maelezo ya mtego pekee hayatoshi. Mtego wa kweli unaweza kutegwa na yeyote. Lakini hariri ya kifurushi inategemea hali ya dume. Dhaifu anafunga kidogo. Kwa hiyo hata kifurushi kitupu bado kinabeba habari ambayo ni vigumu kuighushi. Halafu jiulize gamba kavu lilitoka wapi. Mara nyingi limetoka kwenye windo lililoliwa. Dume aliyekamata mdudu, akamnyonya, kisha akafunga mabaki, amepata vitu viwili kwa windo moja: nguvu mwilini na zawadi mdomoni. Hii ni tafsiri yangu. Albo na wenzake, mwaka 2014, walitetea kwamba upatikanaji wa windo na hali ya mwili wa dume ndivyo vinavyoelekeza kama zawadi itakuwa na lishe au la. Mwenye gamba lililofungwa vizuri anaweza kuwa dume aliyeshiba kuliko mwenye nzi mzima aliyefungwa kwa nyuzi mbili tatu. Sisi tungempa alama mwenye nzi. Jike huenda anampa alama mwenye hariri, na kwa uzao wake huenda yuko sahihi.

Linganisha na Pisaura tena. Kule Denmark, zawadi tupu zilikubaliwa kwa kiwango sawa na zenye lishe, lakini majike waliokuta ndani hamna kitu walikatiza kupandana mapema, na dume akapoteza muda wa kupitisha mbegu. Huko jike anaadhibu kwa dakika. Tabia zinazofanana kwa nje, katika mabara mawili, zimekwenda njia tofauti ndani. Anayetaka kanuni moja ya buibui wote watoao zawadi atasumbuka, na nadhani anastahili kusumbuka.

Hata ndani ya ukoo mmoja mambo hayalingani. Carico, katika makala yake ileile ya 2005, alianzisha pia jenasi ya Trechaleoides. Ina spishi mbili tu: dume wa Trechaleoides keyserlingi hutoa zawadi, dume wa Trechaleoides biocellata hatoi. Watafiti waliouchunguza ukoo huu wanaeleza kwamba zawadi ilipotea, na kwamba majike wasioithamini wanaweza kuwa ndio chanzo cha kupotea kwake. Hapa nadhani jambo linajieleza. Jike akiacha kuitaka zawadi, haidumu. Kwa Paratrechalea ornata imedumu ingawa chakula kimetoka ndani yake, na katika maabara dume asiye na chochote hufanya vibaya kuliko mwenye kifurushi. Basi kuna kitu bado kinatakwa.

Nimetaja miji ya Montevideo na Porto Alegre kwa makusudi. Taasisi ya Clemente Estable na Chuo Kikuu cha Uruguay hazina fedha za vyuo vya Ulaya. Zilichokuwa nacho ni mto, na watu waliokubali kukaa kando yake usiku wakiwa na taa, wakiokota buibui waliobeba vifurushi. Ile asilimia 70 ilipatikana kwa kazi hiyo ya kwenda mtoni, na ingekosekana kama swali lingeishia kwenye masanduku ya maabara ambako dume hupewa nzi mnono na mtafiti mwenyewe. Afrika Mashariki nayo ina buibui wawindaji wa majini, wa jenasi ya Nilus, wanaokaa kwenye vinamasi na kingo za mito yetu. Wanafunzi wetu wa zoolojia wanaotafuta mada wangefanya vema kusoma kazi za Uruguay kama mwongozo wa namna ya kuanza na vifaa vichache: taa, chupa, na uvumilivu wa kuhesabu kilichomo mikononi mwa mnyama kabla ya kumtungia nadharia.

Mto Santa Lucía, ambako buibui wengi wa majaribio haya walikusanywa katika wilaya ya Lavalleja, ndio pia chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya Montevideo. Mwaka 2023 ukame ulilifikisha bwawa la Paso Severino, kwenye tawi la mto huo, karibu na kukauka, na wakazi wa mji mkuu wakafungulia mabomba na kupata maji ya chumvi, kwa kuwa maji ya mlango wa mto, yenye chumvi ya bahari, yalichanganywa ili yatoshe. Spishi inayoishi juu ya mawe ya ukingoni, na ambayo posa yake inategemea wadudu wanaoruka juu ya maji, haiwezi kutenganishwa na hali ya mto. Wingi wa windo ukibadilika, kilichomo ndani ya vifurushi kinaweza kubadilika nao, na hesabu ya nani anapata nini ikahesabiwa upya.

Kuhusu hesabu hiyo, nina lalamiko moja kwa namna tabia hizi zinavyopimwa. Makala nyingi hupima ushindi kwa dakika za kupandana na kwa idadi ya mbegu zilizohifadhiwa. Hivyo ni vipimo vya dume. Jike wa Paratrechalea, baada ya yote haya, hufuma mfuko wa mayai, huugandisha nyuma ya mwili wake na kuuburuta juu ya mawe, na watoto wakiangua huupanda mfuko uleule mtupu na kubebwa juu yake hadi waweze kujitegemea. Ikiwa zawadi tupu inamdhuru, dhara litaonekana hapo: mayai mangapi, watoto wangapi walioangua, wangapi waliofika utu uzima, na kama watoto wa kiume wa dume mwenye hariri nyingi nao wanafunga vizuri. Ulinganisho wa vizazi viwili, wa majike waliopewa magamba yaliyofungwa vizuri dhidi ya waliopewa nzi waliofungwa ovyo, ndio ninaoungoja kabla ya kukubali kumwita dume huyu tapeli.